Wapenzi wa Hadithi na Filamu Isiyopigwa

Utamaduni hauhifadhiwi na sheria peke yake, wala na fedha peke yake. Huhifadhiwa kwanza na wale waupendao. Maneno haya tumezoea kuyasikia katika hotuba, na kwa kuzoeleka yamekuwa kama sarafu iliyosuguliwa hata chapa yake haisomeki. Kusudi la makala haya ni kuyarudishia uzito wake kwa kuyapima katika historia moja ya karibu, ambayo kumbukumbu zake zipo. Ni historia ya wasomaji wa kawaida, wengi wao wasio na mali wala cheo, ambao tangu mwaka 1957 wamekuwa wakikusanyika kupanga jinsi hadithi waliyoipenda ingeweza kugeuzwa kuwa filamu. Kuna waliojaribu wakashindwa vibaya. Kuna waliofaulu kwa namna ambayo wenye fedha hawakuitazamia. Na wako waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi huku wakijua kwamba filamu wanayoipanga huenda isipigwe kamwe.

Hadithi yenyewe si ya kwetu. Ni ya Mwingereza, J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akalelewa Uingereza na kuwa mwalimu wa lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Hata hivyo, yaliyowapata wasomaji wake yaweza kumpata msomaji yeyote mwenye hadithi aipendayo. Nasi tunapoyafuata tutakuwa tukiuliza swali moja: hadithi ikishatoka mkononi mwa mtunzi, huwa ni mali ya nani, na aipendaye ana wajibu gani kwayo?

Mtunzi na Kitabu Chake

Mwaka 1937 Tolkien alichapisha The Hobbit, hadithi ya watoto kuhusu kiumbe mfupi, mpenda raha, aliyeingizwa katika safari ya hatari asiyoitaka. Kitabu kilipendwa, na mchapishaji akaomba kingine. Kilichofuata kilichukua miaka mingi kuandikwa, na hakikuwa tena hadithi ya watoto. Ni The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete, kilichotolewa London katika majuzuu matatu miaka ya 1954 na 1955. Kinasimulia juu ya pete yenye uwezo mkubwa wa uovu, na juu ya Frodo, mmoja wa wale watu wafupi, aliyekabidhiwa kazi ya kuipeleka kwenye mlima wa moto ilikofuliwa ili iangamizwe humo.

Jambo lililokitofautisha kitabu hiki na hekaya nyingine ni kina chake. Mtunzi aliwapa watu wa hadithi yake lugha zenye sarufi, ramani, nasaba, kalenda na alfabeti. Mwishoni mwa juzuu la tatu aliweka nyongeza ndefu zenye historia ya falme na orodha ya miaka. Msomaji aliyefika huko aliona kwamba hadithi aliyoisoma ni chumba kimoja tu cha jumba kubwa, na kwamba milango mingine imeachwa wazi kidogo. Hiyo ndiyo sababu wasomaji wengi hawakutosheka na kusoma mara moja. Waligeuka kuwa wachunguzi, na wachunguzi hao wakaanza kutafutana.

Jaribio la Mwaka 1957

Mtu wa kwanza kumfikia Tolkien na mpango kamili wa filamu hakuwa tajiri wa sinema. Alikuwa mpenzi mashuhuri wa hadithi za kubuni kutoka California, Forrest J. Ackerman, ambaye tangu ujana wake alikusanya vitabu na majarida ya hadithi za ajabu na za kisayansi. Mwezi wa Septemba 1957 alifika Oxford. Alileta mpango wa filamu ambayo sehemu yake kubwa ingekuwa ya michoro inayotembea. Mpangilio wa hadithi uliandikwa na Morton Grady Zimmerman, na picha za kuonyesha mandhari na watu zilitayarishwa na kijana mchoraji, Ron Cobb. Cobb huyo baadaye alishiriki kubuni viumbe na vyombo katika filamu za Star Wars ya 1977 na Alien ya 1979.

Tolkien alizipenda picha. Kuhusu masharti, yeye na mchapishaji wake walikuwa wamekubaliana msimamo wa wazi: ama walipwe fedha nyingi sana, ama mtunzi awe na haki ya kukataa lolote linaloiharibu hadithi. Wageni wale hawakuwa na fedha nyingi, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa ya pili. Mtunzi angepaswa kuusoma mpangilio na kuukubali.

Aliusoma. Mwezi wa Juni 1958 alimwandikia Ackerman barua ndefu ya kuuchambua, na barua hiyo imechapishwa katika mkusanyo wa barua zake. Ni waraka unaostahili kusomwa na kila mwalimu wa fasihi. Malalamiko yake ya kwanza yalikuwa juu ya uzembe. Jina la Boromir, mmoja wa wahusika wakuu, lilikuwa limeandikwa Borimor tena na tena. Viumbe waovu waitwao Orc walikuwa wamepewa midomo ya ndege na manyoya, mambo ambayo hayamo kitabuni. Mkate wa safari uitwao lembas, ambao katika hadithi una maana karibu na ya kidini, ulikuwa umegeuzwa kuwa kama chakula cha kukausha cha viwandani. Tai wakubwa, ambao mtunzi aliwatumia kwa uangalifu pale tu walipohitajika kabisa, walikuwa wakiwabeba wahusika huku na huko kama magari ya kukodi.

Malalamiko yake mazito zaidi yalihusu ufundi. Safari ya Frodo ilikuwa imebanwa, hata majira ya mwaka, ambayo kitabuni yanakwenda taratibu kutoka kipupwe hadi machipuko, yakapotea. Mapigano yalikuwa yameongezwa na mambo ya moyoni yamepunguzwa. Tolkien hakukataa kwamba filamu lazima iwe fupi kuliko kitabu. Alishauri hata kwamba ni afadhali kukata sehemu nzima, pamoja na vita vikubwa, kuliko kubana kila kitu hata kisiwe na pumzi. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba kanuni za usimulizi haziwezi kutofautiana kabisa baina ya kitabu na filamu, na kwamba filamu nyingi mbovu hushindwa kwa sababu waliozitunga hawakutambua kiini cha hadithi kiko wapi.

Mpango ule ulikufa. Lakini tutazame vizuri kilichouua. Haukuuawa na uadui wa mtunzi, kwa maana aliwapokea wageni wake kwa heshima na akatumia muda wake mwingi kuwasahihisha. Uliuawa na upungufu wa kusoma. Wale watu walikuja kwa jina la mapenzi, na ushahidi wa mapenzi hayo ulipotafutwa katika karatasi zao, ilionekana kwamba hata majina hawakuyashika. Apendaye hujifunza jina la ampendaye.

Wasomaji Wanakuwa Walinzi

Miaka minane baadaye wasomaji wa Marekani walipata nafasi ya kuonyesha sura nyingine. Mwaka 1965 kampuni ya Ace Books ilichapisha Bwana wa Pete kwa bei ya senti 75 kila juzuu, bila idhini ya mtunzi na bila kumlipa, ikitumia kasoro iliyodhaniwa kuwamo katika ulinzi wa hakimiliki ya kitabu hicho nchini humo. Kampuni nyingine, Ballantine, ilitoa baadaye mwaka huohuo toleo lenye idhini kwa senti 95. Juu ya toleo hilo yaliwekwa maneno ya Tolkien mwenyewe akiwaomba wale wanaoheshimu watunzi walio hai walinunue hilo na kuliacha lile.

Senti 20 hazikuwa kitu kidogo kwa mwanafunzi. Hata hivyo wasomaji waliitikia. Tolkien alikuwa na desturi ya kujibu barua za wasomaji, na katika majibu yake aliwaeleza yaliyotokea. Nao wakaambiana, wakalikataa lile toleo, wakawauliza wauza vitabu maswali. Chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi nacho kilitia shinikizo. Mwaka 1966 Ace walikubali kumlipa mtunzi na kuacha kuchapa tena.

Katika miaka hiyohiyo vyama vilizaliwa. Mwaka 1965 chama cha wapenzi wa Tolkien kilianzishwa mjini New York na mwanafunzi kijana. Mwaka 1967 kikafuata chama cha Mythopoeic Society huko California. Na mwaka 1969 Vera Chapman akaanzisha Tolkien Society nchini Uingereza. Vyama hivi vilitoa majarida, vikafanya mikutano, vikajadili lugha na nasaba za kitabuni kwa makini ya wanazuoni. Mshairi au karani wa ofisi aliyekosa nafasi ya kusoma Oxford aliweza kutoa hoja na ikapimwa kwa uzito wake. Tunaona basi kwamba kati ya mwaka 1957 na 1969 mapenzi ya wasomaji yalikuwa yamepata mambo mawili yaliyokosekana mwanzoni, yaani nidhamu ya kusoma na heshima kwa haki ya mtunzi.

Haki Zinauzwa

Mwaka huohuo wa 1969 Tolkien aliiuzia kampuni ya United Artists haki za filamu za The Hobbit na Bwana wa Pete. Alikuwa na umri wa miaka 77, na kodi zilimtia wasiwasi. Mwaka 1976 haki hizo zikaingia mikononi mwa Saul Zaentz. Kuanzia hapo hadithi ilikuwa na wenyewe wawili: warithi wa mtunzi, waliobaki na vitabu, na wafanyabiashara, waliokuwa na filamu. Msomaji hakuwa mwenyewe wa chochote.

Mwaka 1978 Ralph Bakshi alitoa filamu ya michoro iliyofika karibu nusu tu ya hadithi na kukatika hapo, na sehemu ya pili haikutengenezwa. Wapenzi wengi walitoka ukumbini wakiwa na huzuni. Ikabidi wangoje hadi miaka ya 2001, 2002 na 2003, wakati Peter Jackson wa New Zealand alipotoa filamu zake tatu, ambazo ya mwisho ilipata tuzo 11 za Oscar mwaka 2004.

Filamu za Jackson zilikuwa mali ya kampuni kubwa, lakini mwongozaji alielewa kwamba kuna baraza lisiloonekana linalomwangalia. Mwaka 1998, kabla ya kuanza kupiga picha, alikubali kujibu hadharani maswali 20 ya wapenzi wa kitabu. Aliwaajiri Alan Lee na John Howe, wachoraji ambao michoro yao ilikuwa imekwisha kuzoeleka machoni mwa wasomaji. Ilipojulikana kwamba Arwen, mwanamke ambaye kitabuni haendi vitani, amepigwa picha akiwa na upanga katika vita vya Helm's Deep, wapenzi walinung'unika. Na filamu ilipotoka mwaka 2002 hakuonekana katika vita hivyo. Kwa ajili ya filamu hiyohiyo, maelfu ya watazamaji wa kriketi katika uwanja wa Wellington waliombwa kupiga kelele kwa pamoja maneno ya lugha ya waovu, na sauti zao zikawa sauti ya jeshi. Msomaji hakuwa na haki kwa mujibu wa sheria, lakini alikuwa amepata kusikilizwa.

Filamu za Kujitolea

Baada ya Jackson, vyombo vya kupigia picha viliposhuka bei, kulitokea watu ambao hawakutaka kusikilizwa tu, walitaka kutenda. Mwaka 2009 zilitolewa filamu mbili nchini Uingereza. Ya kwanza, The Hunt for Gollum, iliyoongozwa na Chris Bouchard, ina urefu wa dakika 40 hivi na iligharimu takriban pauni 3,000. Ya pili, Born of Hope, iliyoongozwa na Kate Madison, ina zaidi ya saa moja na iligharimu takriban pauni 25,000. Zote mbili zilitungwa kutokana na habari fupifupi zilizomo katika kitabu na nyongeza zake. Watu wengi, mafundi na waigizaji, walifanya kazi bila mshahara. Filamu zenyewe zilionyeshwa bure kwenye intaneti, kwa kuwa kuziuza kungekuwa kuvunja haki za wenyewe.

Hapa udhaifu wa kazi ya mapenzi waonekana. Kinachotolewa bure juu ya hadithi ya mwingine huishi kwa hisani ya mwenye haki. Mwezi wa Mei 2024, mara baada ya kampuni ya Warner Bros. kutangaza kwamba itatengeneza filamu kubwa ya mambo hayohayo na yenye jina hilohilo, filamu ya Bouchard ilizuiwa kuonekana. Wapenzi walilalamika na ikarudishwa upesi. Lakini kisa kile kiliwakumbusha wote kwamba nyumba iliyojengwa katika kiwanja cha mwenzio, hata ikiwa nzuri, funguo zake si zako peke yako.

Baraza la Silmarillion

Twaja sasa kwenye mpango wa ajabu kuliko yote. Kitabu kiitwacho The Silmarillion kilichapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo cha Tolkien, kikiwa kimepangwa na mwanawe Christopher kutokana na miswada ya maisha yote ya baba yake. Ni kitabu kigumu. Huanza na kuumbwa kwa ulimwengu kwa njia ya muziki, kisha hupita katika maelfu ya miaka ya vita, viapo na usaliti. Kina majina mengi mno na mazungumzo machache. Haki ya kukifanya filamu haikuwamo katika mauzo ya mwaka 1969, na Christopher, aliyefariki Januari 2020, hakuwa na imani na filamu. Mwaka 2012 alilieleza gazeti la Le Monde la Ufaransa masikitiko yake juu ya namna kazi ya baba yake ilivyomezwa na biashara.

Katika hali hiyo, katikati ya miaka ya 2010, Corey Olsen, mwalimu wa fasihi na mwanzilishi wa Chuo cha Signum nchini Marekani, pamoja na wenzake, walianzisha Mradi wa Filamu ya Silmarillion. Walijiwekea sharti la kufikiri kana kwamba haki wanazo na fedha haina mwisho, lakini wafanye maamuzi yaleyale ambayo mpiga filamu wa kweli angelazimika kuyafanya. Mijadala ilifanywa kwa vipindi vya sauti vilivyosikika wazi kwa kila mtu. Wasomaji wa nchi mbalimbali wakaleta hoja, wakapendekeza waigizaji, wakaandika mipangilio ya matukio, msimu baada ya msimu.

Aliyewahi kukaa katika kamati za ofisini anajua kwamba mambo makubwa hukubaliwa haraka na mambo madogo hukesha. Wapangaji hawa nao walikutana na mambo madogo yaliyobeba makubwa. Viumbe wakuu wa hadithi, waitwao Valar, kwa asili hawana mwili. Huuvaa kama mtu avaavyo nguo. Je, mtazamaji aonyeshwe nini? Watu waitwao Elf hawazeeki. Baba, mwana na mjukuu wote wana sura ya ujana. Je, mtazamaji atawatofautishaje? Mhusika ambaye kitabuni ametajwa kwa jina tu na kufa vitani, je, yafaa apewe maneno, na akipewa, atazungumza kama nani? Muziki wa uumbaji utasikika vipi bila kuwa muziki wa kawaida tu?

Jibu lao kwa swali la mwanzo wa hadithi laonyesha akili yao. Waliona kwamba mtazamaji atapotea katika habari za kale mno asipopata mkono wa kumshika. Wakabuni simulizi la nje, ambamo kijana Aragorn, ambaye bado hajui nasaba yake, analelewa katika nyumba ya Elrond na kusimuliwa historia za zamani. Hapo habari za miaka elfu nyingi zikawa na sababu ya kusimuliwa, maana mtoto anaambiwa yeye ni nani. Simulizi hilo halimo katika Silmarillion, lakini halipingani na aliyoyaandika mtunzi, kwani nyongeza za Bwana wa Pete zasema kwamba Aragorn alilelewa huko na kufichwa jina lake. Linganisha uamuzi huu na midomo ya ndege ya mwaka 1957. Wote wawili ni wabunifu. Tofauti ni kwamba mmoja alibuni kabla ya kusoma, na mwingine alisoma hata akaona mahali ambapo kitabu chenyewe kimeacha nafasi ya kubuni.

Wakati mazungumzo hayo yakiendelea, mwezi wa Novemba 2017 kampuni ya Amazon ilitangaza kwamba imenunua haki za televisheni, na mfululizo wake uitwao The Rings of Power ukaanza kuonyeshwa Septemba 2022. Lakini haki ya Silmarillion haikuwamo. Ikawabidi watengenezaji wajenge hadithi yao juu ya nyongeza za Bwana wa Pete, na mahali pengi wakabuni. Hivyo historia ilileta hali ya kushangaza: wenye fedha walikikosa kitabu, na waliokijua kitabu walikosa fedha na haki pia.

Je, ni Kazi Bure?

Kuna atakayesema kwamba kupanga kwa miaka mingi filamu isiyoweza kupigwa ni kutwanga maji. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Saa zile zingeweza kutumika kutunga hadithi mpya, isiyo na mwenyewe isipokuwa mtunzi wake. Tena mapenzi ya kundi yana hatari zake. Kundi laweza kujiona ndilo mwenye hadithi, likamfokea mtunzi, mwigizaji au msomaji mgeni, na likageuza ulinzi kuwa ubwana.

Lakini hoja hiyo yasahau kwamba mpango wenyewe ni aina ya usomaji, na pengine ndiyo aina kali kuliko zote. Anayesoma peke yake aweza kupita juu ya neno asiloelewa. Anayepanga filamu hawezi. Lazima aamue mhusika amevaa nini, amesimama wapi, anamtazama nani anaposema, na kwa nini amenyamaza. Akiwa na wenzake, lazima atoe ushahidi wa maoni yake kutoka kitabuni, kwa maana wapo wengine waliokisoma kama yeye. Hata filamu isipopatikana, kitabu kimepata wasomaji wanaokijua. Na siku moja hakimiliki itakwisha, kwa kuwa sheria ya Uingereza huilinda kazi ya mtunzi kwa miaka 70 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa vitabu ambavyo Tolkien alivichapisha mwenyewe, ulinzi huo unafikia mwisho wa mwaka 2043. Siku hiyo swali la nani ana haki litajibika kwa urahisi, na litabaki swali la nani anaweza.

Funzo kwa Shule Zetu

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia hii ya mbali yatukumbusha nidhamu ambayo washairi wa Kiswahili waliijua tangu zamani. Katika takhmisa mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake aliyemtangulia, akaitilia mitatu yake mbele. Hafuti neno la wa kwanza. Hulazimika kufuata kina chake na maana yake, na uhodari wake hupimwa kwa jinsi nyongeza inavyoufanya ule wa kale ung'ae. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ni mfano wa kazi ya namna hiyo. Tolkien aliwadai wageni wake wa 1957 adabu ambayo mtunzi wa takhmisa hudaiwa.

Kwa hiyo mwalimu asione haya kuwapa wanafunzi wake kazi ya kupanga filamu ambayo shule haina uwezo wa kuipiga. Wachukue Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Shujaa yumo gerezani. Mjakazi Saada analeta mkate wa wishwa, na ndani yake imefichwa tupa. Je, mtazamaji aione tupa ikitiwa ndani ya mkate, au agundue pamoja na Liyongo? Mwishoni shujaa, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, na watu wa mji wanakaa na kiu kwa kumwogopa maiti wasiyemjua kuwa ni maiti. Je, kamera isimame upande wa nani: wa watu wenye hofu, au wa mama anayemsogelea mwanawe? Darasa likikigombania kitu hicho kwa dakika 40, kila mmoja akitoa ubeti wa kumuunga mkono, litakuwa limesoma utenzi kuliko kwa mihadhara mitatu.

Wakati huohuo mwalimu awafundishe upande wa pili. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na mtunzi aliye hai ana haki ya kuulizwa kabla kitabu chake hakijageuzwa kuwa mchezo au filamu ya kuonyeshwa hadharani. Mwanafunzi aliyekipenda kitabu chake ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo, kama wasomaji wa mwaka 1965 walivyolijua, walipoongeza senti 20 ili mtunzi apate jasho lake.

Jibu la swali letu basi ni hili. Kwa sheria, hadithi ni ya mtunzi na warithi wake, na baadaye ni ya watu wote. Kwa mapenzi, ni ya kila aliyejitaabisha kuijua. Haki ya kwanza huandikwa katika mikataba na kuuzwa. Ya pili haiuzwi, wala hairithiwi. Kila kizazi hakina budi kuichuma upya kwa kusoma, na mahali pazuri pa kuanzia ni kuyashika majina ya wahusika kama yalivyoandikwa.